Mlima wa Waarmenia Ulivyogeuzwa Kianyaga

Nilipopelekwa Kianyaga mara ya kwanza kuonyeshwa kwa wazazi wa mchumba wangu, nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kama najua kupika, kama nasali, na kama kwetu kuna walevi. Mama mkwe hakuuliza hata moja. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, akaniuliza kwetu Nyeri mlima unaonekanaje. Nikamwambia unaonekana vizuri sana, hasa asubuhi kabla ya mawingu. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

“Pole,” akasema. “Huko munaonanga mgongo.”

Kwa wasiotoka kwetu, naomba nieleze. Mlima Kenya ni mmoja, lakini miji inayouzunguka ni mingi, na kila mji unaamini kwamba uso wa mlima umeelekezwa kwake. Watu wa Nanyuki wanaamini hivyo, wa Embu vilevile, na sisi wa Nyeri hatuna haja ya kuamini kwa sababu tunajua. Lakini mama mkwe ana hoja moja ambayo sijawahi kuipatia jibu. Kaunti yake inaitwa Kirinyaga, na Kirinyaga ndilo jina la mlima wenyewe kwa Kigikuyu. “Kama nyinyi ndio muko mbele,” huniuliza, “mbona jina ilipewa sisi?” Nimemzalia wajukuu, nimemsindikiza hospitali, nimemwimbia kwenye sherehe zake, na swali hilo bado liko palepale mezani, karibu na sukari.

Mimi ni mpambaji wa nyumba. Karakana yangu iko Ruring'u, karibu na uwanja wa michezo, kwa hiyo siku za mechi mimi hukata mapazia huku watu wakishangilia nje utadhani wananishangilia mimi. Nimepamba hoteli, vyumba vya kungojea vya madaktari wa meno, na makanisa ambayo kamati zake zinaweza kubishania rangi ya zambarau kutoka Pasaka hadi Krismasi. Mama mkwe, ambaye namwita Cucu, yaani bibi, kama wanangu wanavyomwita, ni mfumaji wa mazulia ya sufu. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la mabati lenye kitanda kikubwa cha kufumia, na humo huwakusanya wanawake wenzake wa kanisa wakafuma mazulia ya ukutani: tembo, simba, twiga, vitu ambavyo watalii hununua na ambavyo Kianyaga havijawahi kuonekana.

Kuna jambo moja ambalo Cucu hana mchezo nalo. Akikuta ncha ya uzi inaning'inia nyuma ya zulia, huifumua safu nzima mbele ya aliyeifuma, bila kusema neno, mpaka mwenyewe atamani ardhi immeze. Ndiyo maana mazulia ya banda lile ni safi pande zote mbili. Ungempa mgeni alishike, asingejua lipi ni tumbo na lipi ni mgongo. Lakini usimwambie Cucu hivyo. Kwake mbele ni mbele na nyuma ni nyuma.

Mwaka huo mabega yake yalikuwa yameanza kumkatalia. Alitangaza, kanisani kwanza, nyumbani baadaye, kwamba atafuma zulia moja kubwa la mwisho, kisha kitanda kile apewe mwingine. Shida ni kwamba hakuwa amepata la kufuma. Hakutaka kuaga kazi kwa tembo. Alitaka zulia lake la mwisho litundikwe mahali pa maana, watu wakubwa wasimame mbele yake walitazame. Aliniambia maneno hayo mimi, mpambaji, akinikazia macho, halafu akaniuliza kama chai imetosha sukari. Nikajua nimeshapewa kazi.

Hapo ndipo Waarmenia walipoingia.

Ubalozi wao ulikuwa unafunguliwa Nairobi, katika nyumba ya kupanga yenye kuta nyeupe na ukimya wa zahanati siku ya Jumapili. Aliyekabidhiwa kuipamba alikuwa mwambata wao wa utamaduni, yaani yule afisa wa ubalozi anayeshughulikia ngoma, michoro na mapishi, siasa akiwaachia wenzake. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye nyusi nene za kutia hofu, na Kiswahili alichokitoa darasani kikiwa bado kwenye karatasi yake. Alilala Nyeri katika hoteli niliyoipamba, akauliza ukumbi ule ni kazi ya nani, na asubuhi akawa mlangoni kwangu.

“Naomba radhi kwa kukujia bila taarifa,” alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba radhi Ruring'u. Wateja wangu huingia wakiuliza mbona kiti hakijaisha. Nikamvutia kiti hichohicho ambacho hakikuwa kimeisha, akaketi, akanieleza shida yake. Hakutaka ubalozi ufanane na jumba la makumbusho, wala na duka la zawadi. Alitaka mgeni aketi, apewe kahawa, na kabla hajaimaliza awe amejua kwamba yuko nyumbani kwa Waarmenia.

“Naam, Waarmenia,” nilisema, kwa uso wa mtu aliyesomea huko. Alipoondoka nikakimbilia simu kutafuta Armenia iko wapi.

Nilijifunza haraka, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Niliona makomamanga mekundu, misalaba iliyochongwa kwenye mawe kama nakshi za shela, na nyumba za mawe ya rangi ya waridi. Nikachora mpango wenye makomamanga kwenye mapazia, makomamanga kwenye mito, makomamanga kwenye vikombe, na komamanga moja kubwa la mbao mlangoni. Nikashuka Nairobi nao kifua mbele. Mwambata alikunjua michoro yangu mezani, akaipitia yote kwa adabu.

“Ni mizuri,” alisema hatimaye. “Ila mgeni atauliza tunauza shilingi ngapi kwa kilo.”

Iliniuma, sitaficha. Lakini alipopita tena Nyeri nilimwalika nyumbani kwa chakula cha mchana, na huko ndiko mambo yalikonyooka. Sasa, mimi huwaambia wateja wangu wavitupe vile vitambaa vya kufumwa vinavyowekwa migongoni mwa viti. Huwaambia vimepitwa na wakati. Kwangu mimi vimejaa kwenye kila kiti, meza na redio, kwa sababu alivifuma Cucu na huvikagua kila anapokuja. Mwambata aliingia, akaviona, nami nikaanza kuvikusanya kwa haya. Akanishika mkono.

“Tafadhali viache,” alisema. Akainua kimoja, akakitazama dhidi ya dirisha. Kwao pia, alinieleza, mabibi hufuma nakshi kwa sindano na kufunika kila kitu ndani ya nyumba kisichoweza kukimbia. Alikaa kwenye sofa yangu akakipapasa kitambaa kile kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza zile nyusi zikatulia.

Nikaelewa nilikosea wapi. Nilikuwa natafuta vitu vya ajabu vya kumwonyesha mgeni, kumbe nilipaswa kutafuta vile ambavyo bibi wa Kiarmenia angegombana na wewe ukiviondoa. Nikamuuliza, “Kwenu, ni nini hakiwezi kukosekana ukutani?”

Hakufikiri hata kidogo. “Mlima,” alisema.

Akanionyesha picha kwenye simu. Kilele kikubwa chenye theluji upande wa kulia, na kidogo chenye ncha upande wa kushoto, vimesimama pamoja. Ararati. Ukiwa katika mji wao mkuu, asubuhi isiyo na mawingu, unauona mwisho wa mtaa. Uko kwenye nembo ya taifa, kwenye chupa, kwenye madaftari ya watoto, kila mahali. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: mlima wenyewe hauko nchini kwao. Uko ng'ambo ya mpaka, kwa jirani wasiyepatana naye, na mpaka umefungwa. Wanauona kila siku na hawaendi.

Nilijaribu kufikiri Nyeri itakuwaje mtu akituambia mlima tuutazame tu kwa macho, njia imefungwa. Sikuweza.

“Mama yangu atakuja kwenye ufunguzi,” aliongeza, akikunja kitambaa kile vizuri. “Ni mzee sana, na hapendezwi na chochote.”

“Ninaye kama huyo,” nilimjibu. Na palepale nikajua zulia la mwisho la Cucu litakuwa lipi.

Kumshawishi Cucu nilidhani kungenichukua muda. Mume wangu alikuwa ameuliza kama Armenia si ile ya Romania, na sikutarajia mama yake ajue zaidi. Nikaamua kuanzia mbali. Nikamwambia ni mlima ule ambao, gharika ilipokwisha, safina ilitua.

Akaweka kikombe chini. “Ile ya safina?”

“Hiyohiyo, Cucu.”

“Iko na wenyewe?”

“Iko na wenyewe, na wanataka ifumwe.”

Akasimama, akaenda kufungua banda. Kufikia Jumapili Kianyaga nzima ilikuwa imepata habari kwamba mlima wa safina unafumwa nyuma ya nyumba yake, na kuna waliopita kuchungulia kama kutakuwa na wanyama.

Nilichora mlima kwenye karatasi kubwa yenye upana wa kitanda, kwa kalamu nzito ambayo wino wake ulionekana hata nyuma. Karatasi ya namna hiyo hufungwa nyuma ya nyuzi za mtande, zile zinazosimama wima, na mfumaji huifuata akiiona katikati ya nyuzi. Kuhusu rangi, mwambata alishikilia jambo moja tu: pambizo za zulia ziwe na wekundu wa mazulia ya kwao, ambao hutokana na mdudu mdogo. Nilidhani hapo tumekwama, kumbe huku kwetu, ukishavuka Nanyuki, mipungate imejaa vidudu vilivyojifunika ungaunga mweupe, na ukikiponda kimoja kidole chako kinabaki chekundu mpaka kesho yake. Nikamletea Cucu kopo zima.

“Mlima ya Mungu nipake dudu?” aliuliza. Alinawa mikono kwa sabuni kwa hasira kubwa. Lakini sufu ilipotoka kwenye sufuria na wekundu ule mzito, kuanzia siku hiyo kopo lile alilificha chini ya kitanda chake cha kulala ili wenzake wasimwibie.

Banda lile lina desturi yake. Mwenye zulia, yaani aliyeliagiza, haruhusiwi kulitazama mpaka siku ya kulikata kitandani. Siku hiyo kunakuwa na sala, mukimo wa viazi na mahindi, na chai, na mwenye zulia ndiye hupewa makasi. Hata ungechungulia usingeona mengi, kwani sehemu iliyokwisha kufumwa huviringwa chini, na vilele vya mlima hufumwa mwisho kabisa. Mimi nilikuwa Nairobi nikihangaika na viti. Nilimpigia Cucu simu kila mara kumuuliza kama kila kitu kiko sawa.

“Iko sawa,” alinijibu. “Nimeirekebisha kidogo.”

Nilidhani anazungumzia rangi.

Siku ya kukata, wanawake walikuja na vitambaa vyao vya kichwa vya Jumapili. Mwambata alikuwa amevaa gauni la buluu. Aliombewa yeye, nchi yake, balozi wake na barabara ya kurudi Nairobi. Alipokata uzi wa mwisho vigelegele vililipuka, wanawake wawili wakalikunjua zulia kwenye nyasi, na wote tukasogea kulitazama.

Lilikuwa zuri. Naomba niliseme hilo kwanza. Nimefanya kazi ya urembo maisha yangu yote na sijawahi kuona kazi iliyoifikia ile. Makomamanga machache pambizoni, yamejificha kwa aibu. Tambarare ya kijivu na buluu. Theluji iliyofumwa kwa sufu isiyopakwa chochote, nyeupe ya kondoo mwenyewe. Na vilele viwili: kikubwa kushoto, kidogo kulia.

 Nilimtazama mwambata. Zile nyusi zilikuwa zimekutana katikati.

“Bibi,” alisema polepole, “mlima umegeuka.”

“Haikugeuka yenyewe,” Cucu alijibu kwa furaha. “Niliigeuza mimi.”

Wote wakanigeukia, kana kwamba mimi ndiye mkalimani wa wendawazimu. “Cucu,” nilisema, “ulifunga karatasi nyuma mbele?”

“Mwari,” aliniambia, kama anavyomwita kila binti na kila mke wa mwanawe, “hiyo karatasi nani alichora?”

“Mimi.”

“Na wewe ni wa wapi?”

 Mmoja wa wale wanawake alijibu kwa niaba yangu: “Nyeri.”

“Basi,” akasema Cucu, akiwageukia wenzake. “Nilijua imechorwa kutoka mgongo. Watu ya Nyeri hata mlima ya wenyewe wataenda kusimama nyuma yake. Na huyo mzee ya safina, na wanyama yote ile, na bibi yake, na watoto, ati atashukia nyuma kama mwizi?”

Wanawake wote wakaitikia amina. Hata mimi nilikaribia.

Mwambata alijieleza kwa Kiswahili chake safi, na hakuna aliyecheka. Alisema mlima wao huonekana kutoka mji mkuu, mdogo kushoto, mkubwa kulia, na kila mtoto wa kwao huuchora hivyo kabla hajajua kuandika. Ukiugeuza, umeuona kutoka ng'ambo ya mpaka. “Balozi akipigwa picha mbele ya zulia hili,” alisema, “magazeti ya kwetu yataandika kwamba ubalozi umehamia kwa jirani.” Kisha akamshika Cucu mikono yote miwili na kumshukuru. Ubalozi, alisema, utachapisha picha kubwa ya mlima na kuiweka ukutani. Akafungiwa mukimo kwenye chombo, kwa kuwa hakuna atokaye Kianyaga mikono mitupu, akaondoka.

Cucu alilikunja zulia mwenyewe. “Itafunika magunia ya kahawa,” alisema.

Nilikasirika sana. Nilijua kabisa kwamba aliligeuza ili kunitania mimi, kuendeleza ule utani wetu wa sukarini, na sasa utani umemla yeye. Lakini nilipomwona akipandisha bega moja kwa mkono ili aweze kubeba zulia lake kwapani, hasira ikaniisha, nikabaki na uchungu mtupu. Alikuwa amefuma kitu kizuri kuliko vyote, na hakuna mtu mkubwa wala mdogo atakayesimama mbele yake.

Wazo lilinijia nikiwa nimeshika kitambaa cha mteja Ruring'u, nikimweleza upande upi uangalie nje. Nilimwacha mteja amesimama. Zulia la Cucu ni safi pande zote mbili! Tuligeuze tu, mgongo uwe uso, na kilele kidogo kitarudi kushoto kama Waarmenia wanavyotaka. Nilifika Kianyaga nikihema. Cucu alikuwa amelifua zulia na kulitundika kwenye boriti ya banda kwa ufito, likidondosha maji katikati ya chumba. Nikamweleza.

“Hapana,” alisema.

“Lakini Cucu, nyuma yake ni safi kama mbele.”

“Wewe ukienda kanisa unavaanga nguo ndani nje? Kama mshono yako ni safi?”

Nilibembeleza. Nikamsifu. Nikamkumbusha mabega yake. Alikuwa amesimama mbele ya zulia lake mikono kifuani, shingo imekakamaa, na nilikuwa karibu kupoteza adabu, mlango wa upande wa pili wa banda ulipofunguka.

“Hodi,” tukasikia. “Nimerudisha chombo.”

Alikuwa mwambata. Alikuwa ameendesha gari kutoka Nairobi kurudisha chombo cha mukimo, na baadaye nilikikuta kimejaa aprikoti zilizokaushwa, kwa sababu kwao pia chombo cha mtu hakirudi kitupu. Zulia lilikuwa kati yetu na yeye, hatukumwona. Tukamsikia tu akivuta pumzi.

“Huu hapa!” alisema. “Mmefuma mwingine?”

“Usiguse hapo!” Cucu alipiga kelele. “Hapo ni mgongo!”

“Mgongo? Bibi, huu ndio mlima wenyewe! Mdogo uko kushoto!”

“Mdogo iko kulia! Mimi naona na macho yangu!”

Wakabishana hivyo, kila mmoja kwenye upande wake wa sufu, kila mmoja akinyoosha kidole kwenye kilele kilekile. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa zulia, ninawaona wote wawili, na kazi yangu yote ya miaka ikaniambia kitu kimoja: mbona nalipeleka ukutani? Nani alisema mlima uwe na ukuta nyuma yake?

“Tutalitundika kutoka darini,” nilisema. “Katikati ya ukumbi.”

 Nikaeleza. Upande wa mlangoni, wageni rasmi wataona mlima kama unavyoonekana kutoka mji mkuu. Upande wa ndani, penye dirisha la bustani, kutakuwa na viti vichache vya chai, na huko mlima utaonekana kama Cucu alivyoufuma.

Cucu alitoa kichwa ubavuni mwa zulia. “Na upande yangu itakaliwa na nani?”

“Watu wa heshima,” nilimwambia. Nilikuwa nadanganya, sikujua atakaa nani.

Balozi alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba pasipigwe picha hata moja kutoka upande wa ndani. Hilo niliachiwa mimi, na nililifurahia mno. Nikaweka huko sofa pana kuliko zote, nikaipamba kwa vitambaa vya Cucu, kisha mahali ambapo mpiga picha yeyote angependa kusimama nikaweka chungu kikubwa cha maua kisichoinuliwa na watu wasiopungua wanne.

Siku ya ufunguzi Cucu alikuja na kofia yake ya harusi za watu. Alipita katikati ya wageni bila kuwatazama, akazunguka zulia, akaketi kwenye sofa upande wake, mkoba magotini, akangoja. Upande wa mlangoni mambo yalinoga. Wakubwa walisimama mbele ya mlima, wakausifu, wakapigwa picha, wakamuuliza mwambata alikotoa wekundu ule, naye akawaambia umetoka Nanyuki na hawakumsadiki. Kila mara nilichungulia upande wa pili. Cucu alikuwa peke yake. Aliponiona alitabasamu kidogo, akageuza uso dirishani. Watu wote wakubwa aliowataka walikuwa hapo, umbali wa unene wa zulia, wanautazama mgongo. Nilitamani kulia, na nilikuwa na sinia mkononi.

Ndipo akaingia mama yake mwambata. Alikuwa ajuza mdogo wa kimo, mwenye nguo nyeusi na fimbo, ameshikwa na binti yake. Alitazama mapazia akatikisa kichwa. Alionja kahawa akairudisha. Alisimama mbele ya mlima, akautazama kama mtu anayetazama picha yake ya kitambulisho, akanung'unika kitu. Halafu akaona zulia halina ukuta. Akauachilia mkono wa binti yake, akalizunguka taratibu, kwa fimbo, mpaka upande wa pili.

 Alisimama pale muda mrefu kiasi kwamba Cucu alisogea kwenye sofa kumpisha akae. Hakukaa. Alikwenda mpaka kwenye zulia, akaweka kiganja juu ya kile kilele kidogo upande wa kulia, akaanza kuzungumza, si na sisi. Mwambata alikuja mbio. Alisikiliza, na nikaziona zile nyusi zikitetemeka.

“Anasema nini?” nilimnong'oneza.

“Bibi yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kabla ya kukimbia,” alisema. “Alipozeeka alikuwa akiwaambia kwamba nyumbani kwao mlima mdogo ulikuwa mkono wa kulia. Kila siku alisema kulia. Wakamwonyesha dirishani kwamba uko kushoto, akakataa. Anasema walimcheka. Walidhani ni uzee.”  “Sikuwahi kuambiwa hayo.”

Yule ajuza aliondoa mkono kwenye sufu, akajifuta macho kwa ncha ya shela, akageuka akaketi kwenye sofa karibu na Cucu, bega kwa bega, wote wawili wakiutazama mlima. Cucu alinivuta gauni.

“Mwari, anasema aje?”

Nikamweleza yote, nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akachukua kitambaa kimoja kutoka mgongoni mwa sofa, akakiweka kwenye magoti ya mwenzake, akakinyoosha vizuri kwa vidole vyake.

“Si nilikuambia,” alisema. “Huyu ametoka Kianyaga ya kwao.”

Nikaenda kuwaletea chai.